Kinyozi na Koboi wa Mkono wa Kushoto

Jina lake nalijua, kama ninavyoyajua majina ya wote walionyolewa pale kwake, walio hai na waliotangulia. Lakini mtaa wetu wa Palma ulimwita Kinyozi, na mkewe Bi Somoe alimwita Kinyozi, hata siku za kumkasirikia. Nami nitamwita hivyohivyo.

Ukiingia dukani kwake, kabla hujaona kiti, kabla hujaona kioo, farasi ameshakuona wewe. Alikuwa ukutani, ndani ya fremu nyeusi iliyopasuka kioo pembeni. Picha yenyewe si kubwa, haizidi sahani mbili za wali zikiwekwa sambamba. Wino mweusi, karatasi iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Farasi amekunja mgongo kama paka aliyeona nyoka, miguu yote minne iko hewani, jicho limemtoka. Juu yake koboi: kofia pana, kitambaa shingoni, kamba mkono wa kushoto, na makalio yake hayagusi tandiko. Kati ya mtu na tandiko pana nafasi ya kupita kidole. Nafasi hiyo ndiyo iliyotupa maneno miaka yote.

"Anaanguka huyo," mteja atasema, povu limemjaa kidevuni.

"Haanguki."

"Kinyozi, mtu yuko hewani!"

"Na wewe wembe uko kooni. Umekufa?"

Hapo mteja hunyamaza, maana wembe kweli uko kooni.

Niseme mapema, ili mjue ninachosimulia. Picha hiyo ilimnyima jambo moja alilolitaka kuliko kofia zote na farasi wote wa duniani, nalo ni kuadhini. Kinyozi alikuwa na sauti. Sijui niieleze vipi. Alikuwa akinyoa huku anavuta kasida chini kwa chini, na sisi wanawake tuliokuwa tukipita na ndoo tulipunguza mwendo, tukajifanya ndoo imekuwa nzito. Siku za maulidi akisoma yeye, hata wauza samaki walifunika beseni zao wakaja kukaa. Mwadhini wetu wa zamani alipofariki, kila mtu alijua nani achukue nafasi ile. Kinyozi mwenyewe alijua. Alinunua kanzu mpya.

Lakini nitafika huko. Kwanza mumwone anavyotembea.

Alitembea amepanua miguu, kama aliyeteremka farasi sasa hivi. Pwani yetu haina farasi. Huyu bwana hajawahi kumgusa farasi hata mkia. Kofia yake Bi Somoe ndiye aliyeisuka kwa ukindu, ukingo mpana hata mvua ikinyesha watoto wawili walijificha chini yake. Kiunoni alivaa mkanda wa kunolea wembe, umening'inia kama wa bastola, na alikuwa na namna yake ya kuuchomoa wembe kwa haraka, mkono wa kushoto, mpaka wageni waliruka kitini. Halafu ananyoa polepole kabisa, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. "Kichwa ni amana," alisema. "Aliyekukabidhi kichwa amekukabidhi na shingo."

Basi koboi huyu aliogopa mbuzi. Siku moja beberu wa jirani aliingia dukani kufuata maganda ya muhogo. Nilikuwa mlangoni, nimempeleka mwanangu kunyolewa. Kinyozi aliruka akapanda kiti alichokalia mzee Shabani, wakawa wawili juu ya kiti kimoja, Kinyozi amemkumbatia Shabani kichwa.

"Somoe! Somoe! Mtoe!"

Bi Somoe akatoka uani na mwiko. Akamtazama beberu, akamtazama mumewe. "Nimtoe yupi?"

Tulicheka mpaka tukalia. Naye alishuka, akavaa kofia, akasema kwa utulivu, "Mbuzi hana hatamu. Koboi humpanda mnyama mwenye hatamu." Hakuwahi kukosa jibu.

Habari za bunduki alizisimulia mchana kutwa. Stelingi kaingia kijijini, adui wako saba, risasi sita. Watoto hawakuhema. Lakini mwanawe alipochonga bunduki ya mti, aliichukua akaivunja gotini, akamtengenezea filimbi. Sisi tuliokimbilia ng'ambo ya Ruvuma wakati wa vita vya Mreno tulielewa. Hakutaka kuiona nyumbani kwake hata ya mti.

Na huko ng'ambo ndiko koboi alikomwingia. Tulikuwa vijana, mimi na yeye, tukiishi karibu na Mtwara. Likaja gari la sinema. Wakatundika shuka jeupe kati ya minazi miwili, na watu walijaa kama siku ya Idi. Mimi na shangazi yangu tuliwahi, tukakaa mbele. Yeye alichelewa, hakupata pa kusimama, akazunguka nyuma ya shuka na wenzake wachache. Nyuma ya shuka picha inaonekana vilevile, tena hakuna kichwa cha mtu mbele yako. Akaona kila kitu. Akamwona stelingi akichomoa bastola, akirusha kamba, akishika kofia. Na yote hayo, kwa kuwa alikaa upande wa pili, aliyaona kwa mkono wa kushoto. Kabla picha haijaisha jenereta ikazimika. Stelingi alikuwa juu ya farasi, farasi anaruka. Hakuna aliyejua mwisho wake. Hiyo ndiyo sinema pekee ya koboi aliyoiona Kinyozi maishani. Nyingine zote alizosimulia, na zilikuwa mamia, alizitunga mwenyewe akinyoa.

Toka siku hiyo alitangaza kwamba makoboi wote ni wa mkono wa kushoto. Akajifunza kunyoa kwa kushoto. Watu walimtania, maana kwetu mkono ule kazi yake inajulikana.

"Koboi wako anakula na mkono wa chooni?"

"Kule kwao ni jangwa tupu," anajibu. "Hicho choo kiko wapi?"

Tuliporudi Palma baada ya uhuru, Mreno mmoja mwenye duka la chumvi alikuwa anafunga mizigo. Asubuhi ya kuondoka alimwita Kinyozi amnyoe mara ya mwisho. Walipomaliza akamwambia achague kitu kimoja ukutani, kwa kuwa vyote haviingii kwenye boti. Palikuwa na saa kubwa ya kugonga. Palikuwa na picha hii. Kinyozi akaiona kamba iko mkono wa kushoto, na mtu yuko juu ya farasi anayeruka, palepale jenereta ilipozimika. Akaja nayo nyumbani ameikumbatia. Bi Somoe aliniambia mimi, na alinung'unika mpaka uzee wake: "Saa, dada! Aliacha saa!"

Miaka ikapita. Akaja kutufundishia watoto Mwalimu Fransisko, Mmakonde wa Mueda, Mkristo, mtu mpole mwenye miwani. Siku ya kwanza kukaa kwenye kile kiti aliomba aitazame picha nje, penye mwanga. Nilikuwepo, nimekuja kumsalimu Bi Somoe. Mwalimu akapitisha kidole juu ya kioo, mstari kwa mstari.

"Hii haikuchorwa kwa kalamu," akasema. "Hii imechanjwa."

"Imechanjwa vipi? Karatasi ina damu?"

"Mama yangu usoni ana kazi kama hii. Wanachanja, wanapaka makaa ya mbarika, jeraha linapona, mstari mweusi unabaki. Huyu naye alichanja shaba. Aliipaka nta, akachora kwa sindano, akaimwagia maji makali yanayokula shaba pale sindano ilipopita. Halafu wino, halafu karatasi inalazwa juu na kubanwa. Inaitwa gravura. Ni ya zamani, mzee. Aliyeichanja labda ni rika la babu zetu."

Kinyozi alifurahi kusikia kwamba koboi wake ana chale kama watu wa bara. Lakini Mwalimu hakuwa amemaliza.

"Na kinachotoka kwenye karatasi huwa kinyume. Kulia kunakuwa kushoto. Bibi hapa anajua," akanigeukia. "Ukiwa na hina mbichi kiganjani ukashika shavu la mtu, ua linatokea limegeuka."

"Kweli," nikasema.

"Basi huyu koboi," Mwalimu akasema, "aliyemchanja alimpa kamba mkono wa kulia."

Kinyozi akakaa kwenye kiti cha wateja. Nikajua anafikiri nini. Alikuwa anafikiria lile shuka. Akainua macho taratibu.

"Dada. Siku ile ya sinema, wewe ulikaa wapi?"

Mimi nilikaa mbele. Niliwaona wote wakichomoa bastola kwa mkono wa kulia, na miaka yote nilikuwa sijamwambia, kwa sababu mtu akiwa na furaha yake huna haja ya kuinyoosha.

"Sikumbuki," nikasema.

"Wewe hukumbuki? Wewe unayekumbuka majina ya kuku wa watu?"

Bi Somoe alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga, mabega yanacheka. Mwalimu hakuelewa kitu. Ili kumwokoa mzee, akasogeza miwani karibu na ukingo wa chini, penye maandishi ya penseli yaliyofifia ambayo sisi tuliyadhania uchafu. Akayasoma kwa shida, kisha akatuambia maana yake: Nilipotoka sinema.

"Kumbe naye!" Kinyozi akaruka. "Naye aliwaona sinema! Somoe, umesikia? Huyu mtu hajawahi kumgusa farasi!"

Sijamwona akifurahi vile siku nyingine yoyote. Ya mkono akayasahau. Kesho yake alikuwa akinyoa kwa kushoto kama kawaida, na mtu akimuuliza anasema, "Sisi wa sinema ndivyo tunavyonyoa."

Sasa nifike kwenye kanzu mpya.

Mwadhini alipofariki, Shehe wa msikiti wetu alikuja dukani mwenyewe. Walikuwa marafiki. Shehe alinyolewa pale kila Alhamisi, ila aliomba kiti kigeuzwe ukuta mwingine. Siku hiyo hakukaa.

"Kinyozi, jamaa wamekubaliana. Adhana ni yako. Kitu kimoja tu, teremsha hiyo picha. Malaika hawaingii nyumba yenye sura ya kiumbe, na sisi hatuwezi kuwa na mwadhini ambaye malaika wanampita mlangoni."

"Malaika wananisubiri barazani, Shehe. Mimi natoka kila siku mara tano."

"Usinifanyie mzaha."

"Sifanyi. Kila adhana naifunika kwa kanga ya Somoe. Sala sijaacha hata moja."

"Nalijua hilo. Ndiyo maana nimekuja kwako. Iteremshe. Mpe mtu mwingine."

Kinyozi akaigeukia picha. Bi Somoe alikuwa nyuma ya pazia, mimi niko naye, ameushika mkono wangu anauminya.

"Shehe, toka nimpate, huyu hajaanguka. Nikimteremsha mimi, ndiyo nimemwangusha. Na nikimteremsha ili nipewe adhana, basi kila nikiadhini nitakuwa nasikia nilivyomwuza."

Shehe akaondoka. Hakuhama kinyozi, lakini adhana alipewa kijana mmoja mwenye mafua ya kudumu, Mungu amsamehe, hakuwa na kosa. Kila alipoanza, Bi Somoe aliinamisha kichwa juu ya sufuria. Aliniambia kitu kimoja tu kuhusu jambo lile, tukichambua mchele. "Dada, mimi saa nimeshaisamehe. Ninachotaka ni siku moja niko jikoni, sauti yake inipite juu ya kichwa, iende kwa watu wote. Siku moja tu."

Alimwambia na yeye pia. Kinyozi alisema, "Tutaona, Somoe." Na kila mwaka aliitoa kanzu ile, akaianika, akaikunja. Bi Somoe alifariki kwa homa, hakuisikia. Siku ya arobaini nilimkuta Kinyozi amekaa mbele ya picha, kanga ya marehemu iko begani. Nikadhani ataishusha. Akaifunika kwa kanga, maana Alasiri ilikuwa imeingia, akaenda kusali.

Nilimkasirikia. Nasema kweli. Nilikaa mwezi mzima namsalimia kwa mbali.

Kisha vita vingine, hivi vya juzi, vikaingia mjini. Sitavisimulia, waliokuwepo wanajua na wasiokuwepo Mungu awaepushe. Kinyozi alikuwa anamnyoa mzee Shabani, ambaye alikuwa ameshapofuka macho. Walifika Quitunda, kijiji kipya nje ya Palma, siku ya tatu kwa miguu, wameshikana mikono, Shabani ana ndevu upande mmoja na upande mwingine laini kama mtoto. Sisi tulikuwa tumeshapokelewa kwa binti yangu, kwenye zile nyumba za matofali. Nikampa maji. Kabla hajanywa alimkalisha Shabani kwenye ndoo, akammalizia upande wa pili.

"Na picha?" nikamuuliza.

"Mkono mmoja ulikuwa na wembe. Wa pili ulimshika huyu."

Baadaye watu walirudi kutazama, wakasema duka halina paa, ndani ni majivu. Kasirani yangu yote iliisha siku ile. Miaka mingi nilidhani anaipenda picha kuliko watu.

Shehe naye yuko Quitunda. Wakapata mahali pa kusalia, pakavu, pa heshima, na mwadhini yule wa mafua alikuwa amekimbilia Nampula. Shehe akaenda kwa Kinyozi mbele ya watu. Akasema kwa upole kabisa, "Ndugu yangu, sasa hakuna picha. Njoo."

"Sikuiteremsha mimi," Kinyozi akasema. "Usinipe tuzo ya kazi iliyofanywa na moto. Wataona nimetubu. Sijatubu, Shehe, nimepoteza."

Watu waliguna. Wengine walisema ni kiburi. Labda ni kiburi. Kwa Kinyozi, kiburi na uaminifu vilinywea kikombe kimoja, hujui kipi kimeacha alama ya mdomo.

Mwaka huu, asubuhi moja, mjukuu wangu Zuhura alijifungua mtoto wa kiume. Mumewe yuko Pemba kazini, Pemba hii yetu ya Msumbiji. Jua lilipopanda nikaenda kumwona Kinyozi, maana siku ya saba mtoto atanyolewa, na mimi sijui kinyozi mwingine. Nilimkuta amekaa kivulini ubavuni mwa nyumba, kioo kimening'inizwa kwenye msumari. Amezeeka. Mikono inatetemeka mpaka iguse wembe, ikigusa inatulia.

"Nimekuja kuweka ahadi ya siku ya saba," nikamwambia.

"Alhamdulillahi. Wa kike?"

"Wa kiume."

"Nywele anazo?"

"Zimelala kama za Mreno."

"Zitaamka." Akatabasamu. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza chumvi, "Nani kamwadhinia?"

"Bado. Baba yake yuko Pemba. Shehe amekwenda Quionga mazikoni."

Akaupangusa wembe uliokuwa mkavu. "Mpelekee Shabani."

"Shabani hana meno. Adhana itatoka upepo mtupu."

"Dada, wewe unayajua mambo yangu."

"Nayajua yote. Ndiyo maana nimepita milango sita nikaja huu."

"Shehe atasema nini? Msikiti niliukatalia, uani kwako nikakubali?"

"Shehe alikupa adhana yenye sharti. Mara ya kwanza sharti, mara ya pili jivu. Huyu mtoto hajui picha, hajui moto. Ana masikio mawili tu, na yote ni matupu."

Kuku alipita kati yetu. Nikafikiri nimeshindwa, nikageuka niondoke, nikasikia nyuma yangu anasema, "Kopo la maji liko wapi?"

Akatawadha bila haraka, mpaka visigino. Akaingia ndani, na alipotoka alikuwa amevaa kanzu nyingine ya kuazima, maana ile yake ilibaki Palma, nayo imemfika kwenye magoti. Tukaenda. Zuhura alikuwa amekaa mkekani uani, akampa mtoto. Kinyozi akamshika kama anavyoshika kichwa cha mtu, akaelekea kibla, akainama kwenye sikio la kulia.

Alianza kwa kunong'ona. Niko hatua mbili, nilisikia pumzi tu. Allahu akbar ya kwanza ilikuwa ya mtoto peke yake. Ya pili nikaisikia na mimi. Baada ya hapo sijui kama alikusudia. Nadhani hakukusudia, maana alikuwa amefumba macho. Sauti ilinyanyuka yenyewe. Mtoto hakulia, alifungua mdomo mdogo, kama anataka kuinywa. Na sauti ikapita juu ya vichwa vyetu, ikapita ukuta, ikaenda. Nyumba ya pili mchi uliokuwa ukitwanga ukasimama. Redio ya mtu ikazimwa. Quitunda nzima imejaa watu wasiojuana, wa Palma, wa Mocímboa, wa bara, na wote walikuwa wamenyamaza saa tatu ya asubuhi.

Alipomaliza ikama kwenye sikio la kushoto, jirani yangu Bi Awa alikuwa amesimama mlangoni petu, birika la kutawadhia mkononi, mikono imelowa mpaka viwikoni, uso umechanganyikiwa.

"Dada," akaninong'oneza, "ni sala ipi hii?"

"Si sala," nikamwambia. "Ni mtoto."

Akaendelea kusimama. Kisha akalitua birika chini, akakaa karibu yake kwenye mchanga, naye akasubiri pamoja nasi Kinyozi afumbue macho.